Ukimaliza Haraka Unaletewa Lori Lingine

Mama Awuor,

Ulikufa Alhamisi, saa ya chai, kwa kiti cha ofisi. Watu wanasema ulilala. Wengine wanasema umetangulia. Hukulala na hukutangulia mahali. Ulikufa, kichwa kikaanguka upande, na kidole kimoja kikabaki kimefinya kibodi. Lilian wa mapokezi ndiye alikukuta. Alikuwa analeta chai yako, akaona kompyuta inaandika yenyewe. Saba, saba, saba, saba, kwa mstari mmoja, haiishi. Akasema, "Mama Awuor, kidole." Hukujibu. Akatoa kidole chako polepole, halafu akafinya Escape, na zile saba zote zikapotea.

Hivyo ndivyo aliniambia. Alikuwa analia na mimi nilikuwa nimesimama na vumbi ya saruji mpaka kwa kope.

Mimi si mtu wa kuandika. Wewe ndiye ulikuwa mtu wa kuandika kwa hii nyumba. Lakini pastor alisema kama siwezi kulia niandike, na niseme yote. Nikamwambia yote yangu ni hasira. Akasema andika hiyo hasira. Sasa naandika. Barua naiacha wazi kwa meza, anayetaka kusoma asome. Hata meneja wako akipita asome.

Nianze na mausi, kwa sababu hapo ndipo ilianza.

Ulikuja nyumbani siku moja umekasirika na unacheka. Nikauliza nini. Ukasema mausi ya kompyuta yako imekufa. Mimi nikadhani ni panya. Ukacheka mpaka ukakaa chini. Ukanieleza ni ile kitu ya kushika na mkono, unaisukuma kwa meza, ile mshale inatembea kwa kioo. Bila hiyo mtu wa ofisi ni kama mtu wa mkokoteni bila mkokoteni. Ulikuwa umemwambia meneja. Alikujibu, "Mama Awuor, ngoja mwezi ujao."

Mwezi ujao haikuja mpaka leo.

Sasa ungefanya nini? Kazi yako ilikuwa ile ya samaki wa vizimba. Vijana wa ziwani wanaleta makaratasi yamelowa maji. Kizimba fulani kimekula chakula kiasi hiki, samaki wamekufa wangapi, waliobaki wana uzito gani. Wewe unaingiza kwa spredishiti. Nilikuuliza spredishiti ni nini, ukasema ni nyumba ya vyumba vidogo vidogo, vimepangwa kama plot za kupangisha za Nyalenda, na kila chumba namba yake inakaa peke yake. Nikasema hizo ni plot nzuri kuliko yetu. Ukasema ndio, na hazivuji.

Bila mausi ungetembea kwa hizo plot chumba kwa chumba, na mshale, tap tap tap, mpaka macho yaume. Ukauliza watu. Lilian akakuonyesha moja, kijana wa mishahara akakuonyesha ingine. Ukaona kumbe kibodi yenyewe iko na njia za mkato. Ukaokota ile kibodi mzee ilikuwa imetupwa stoo, ukaileta nyumbani kwa mfuko wa sukuma wiki. Herufi moja ilikuwa imeng'oka, pale palikuwa shimo tu. Waya yake ilikuwa inaning'inia kwa meza, haijachomekwa popote. Kompyuta hatuna. Ukaketi mbele ya hiyo kitu imekufa na ukaanza kufinya.

Jirani akachungulia kwa mlango. "Mama Awuor, unaandikia nani?"

Ukamwambia, "Naandikia landlord. Bado hajajibu."

Kila jioni tukingoja ugali, unanipa karatasi uliyoandika, mimi nasoma, wewe unafinya. Kusoma kwangu unajua. Ni kama mtu anavuka matope. Lakini hukunicheka kwa hiyo.

"Soma, Baba Awuor."

"Nenda. Mwisho. Wa namba."

"Control na mshale wa chini. Endelea."

"Rudi. Mwanzo."

"Control na Home."

"Kwani nyumbani iko kwa hiyo kitu?"

"Iko hapa juu. Siku ile ulipotea Kondele na Odhiambo wako wa saruji ningekufinya hapo."

Msichana wetu Awuor akacheka huko jikoni mpaka mwiko ukaanguka.

Mimi sijawahi kugusa kompyuta, lakini hizo vitu zote nilizishika. Ukitaka kuongeza namba za mstari wote, Alt na ile alama ya sawasawa, inajumlisha yenyewe. Ukitaka kurekebisha namba moja bila kuifuta yote, F2. Ukitaka tarehe ya leo bila kuandika, Control na ile nukta iko na mkia chini yake. Ukitaka neno la juu lishuke vyumba vyote vya chini, unavishika vyote halafu Control na D. Hiyo ya D uliipenda. Ulisema ukiwa na moja ya juu imekaa vizuri, zingine zinafuata kama watoto wa bata. Na Control na S. Hiyo uliniambia ndiyo kubwa kuliko zote, ni ya kuweka kazi isipotee. "Hii," ukasema, "unafinya kabla hujasimama, kabla hujajibu simu, kabla stima haijapotea. Hii ni kama kufunga mlango."

Awuor alikuwa anaketi kando yako anafinya hewa kwa meza. Tulikuwa tunamcheka. Hatukujua anashika kuliko sisi wote.

Sasa nakuja kwa ile maneno nilikuambia. Unaikumbuka, kwa sababu tuligombana.

Nilikuambia kazi ya kupakua saruji ina sheria yake. Hakuna mtu ameiandika. Lori ikiingia pale hardware, hatukimbii. Sio uvivu. Mtu mgeni akija, ana nguvu, anabeba mifuko mbio mbio kuonyesha nyapara, Odhiambo anamwambia, "Omera, ndugu, polepole. Lori haina miguu, haitatoroka." Akiendelea, anaambiwa mara ya pili. Kwa sababu ukimaliza lori haraka, nyapara hasemi asante enda nyumbani. Anapiga simu. Unaletewa lori lingine. Na kesho yake ile haraka yako ndiyo inakuwa kawaida. Mgongo unakwisha, na lori haiishi.

Nikakuambia, Mama Awuor, usiwaonyeshe haya mambo ya Control. Fanya na njia yao ya polepole. Ukimaliza, kaa, angalia kioo.

Ulikasirika. Ukasema, "Yangu si saruji. Mimi nikimaliza mapema nakuja mapema. Ndio maana najifunza."

Na ulikuja mapema. Siwezi kukataa. Kulikuwa na siku chache, hata wiki sijui kama iliisha, ulikuwa unafika jua likiwa bado juu. Ulikuwa unapitia ufuo wa Dunga, unanunua samaki wa ngege akiwa bado anapepesa mkia, unachagua mwenyewe, unagombana na yule mama wa samaki.

"Huyu ni wa jana," unamwambia.

"Wa jana na anaruka? Wewe wa jana unaruka?"

Ukaniambia hiyo ukicheka, magamba yamekushika kwa mkono. Tukakula kukiwa bado mchana. Halafu ukatoa kiti nje, ukaweka miguu kwa karai ya maji, ukasema unaona jua likienda nyumbani na wewe umeshafika. Nilikuona ukiwa umefunga macho. Nikafikiri pengine mimi ndiye mjinga, pengine kazi ya ofisi sheria yake ni ingine.

Sheria ni ile ile.

Meneja aliona. Alipita kwa meza yako akakuta umemaliza na chai haijapoa. Akasema, "Mama Awuor, wewe una mikono. Hebu shika na karatasi za vizimba vya Luanda Kotieno." Ukashika za Luanda Kotieno. Halafu ukashika na za Mbita. Halafu yule kijana wa mishahara akaenda Nairobi, hawakuandika mwingine, wakakuwekea na mishahara. Mshahara wako ukabaki ule ule. Cheo kikabaki kile kile. Mausi, mwezi ujao.

Siku uliniambia hiyo ya mishahara nilisema neno moja tu. Nilisema, "Lori."

Hukucheka. Ulisema chakula kiko kwa sufuria.

Ukaanza kufika na giza. Ukaanza kushika kichwa. Miguu ikawa inajaa, viatu unavivua ukiwa bado kwa njia. Ile karai ya maji sasa ikawa ya miguu imevimba, si ya kuangalia jua. Nesi wa kliniki akakupima presha, akasema mama, hii si ya kucheza nayo, akakupa dawa na siku ya kurudi aonane nawe daktari. Siku hiyo ikaangukia mwisho wa mwezi. Ukamwomba meneja ruhusa. Lilian alikuwa hapo, alisikia na masikio yake, na aliniambia mbele ya dadako Risper, kwa hivyo si mimi natunga.

Meneja alisema, "Wewe si uko na njia za mkato? Maliza haraka, halafu uende kliniki."

Ukamaliza haraka. Akaleta zingine. Kliniki ikafungwa.

Ukaenda siku ingine? Hapana. Siku ingine kulikuwa na kitu kingine. Alhamisi hiyo ukanywa dawa na maji ya jana, ukafunga kitambaa, ukaniambia, "Jioni nitapitia Dunga." Nikangoja samaki.

Mama Awuor, sasa nikuambie vile tulikuzika, kwa sababu hukuona.

Nyumba uliyokuwa unataka dala, huku bomani kwetu, haikuwa imejengwa. Unajua. Ulikuwa unaniambia, Baba Awuor, tukienda nyumbani tunalala kwa mamako kama wageni. Tulikuwa tunasema Desemba. Sasa wazee wakasema mwili hauwezi kuingia boma na hauna nyumba yake. Mwanamke aliyeolewa halali kwa nyumba ya mtu mwingine hata siku ya kuzikwa. Kwa hivyo nyumba ikajengwa wewe ukiwa bado kwa baridi ya mochari. Miti, mabati, mlango mmoja, dirisha moja.

Nani aliijenga? Odhiambo na wale wote wa saruji. Walitoka Kisumu wakaja mpaka hapa kwetu upande wa Bondo, na misumari kwa mifuko ya suruali. Na hawa watu, Mama Awuor, hawa watu sijawahi kuona wakikimbia kwa kazi. Siku hiyo walikimbia. Mti unashikwa na mmoja, mwingine amepanda, mabati inapita juu ya vichwa. Mzee mmoja wa hapa akawaambia wapumzike wanywe uji. Odhiambo hakushuka kwa paa. Alisema, "Leo tunamaliza haraka, Mzee. Leo hakuna lori lingine."

Hapo nilienda nyuma ya choo. Sikulia. Nilisimama tu.

Ukaingia kwa nyumba yako. Ukalala ndani na mlango wazi. Halafu tukakuweka upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mke. Nafasi ya kaburi langu ni ile ya kulia. Iko na majani.

Meneja alikuja. Alikuja na gari ya kampuni na maua ya plastiki. Akapewa kipaza sauti. Alisema ulikuwa mtu wa kasi. Alisema katika ofisi nzima hakuna mtu alikuwa anamaliza kazi kama Mama Awuor, mikono yako ilikuwa haionekani. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa naangalia sanduku. Hivyo ndivyo mtu anasifu punda, nikajiambia. Anasifu vile anabeba.

Kijana mmoja wa ofisi, ana tai, akasimama naye. Akasema laiti kungekuwa na Control na Z ya kurudisha mtu. Wenzake wakatikisa kichwa, wengine wakatabasamu na machozi. Nilitaka kumvuta na hiyo tai. Control Z inarudisha kitu ulifanya kwa makosa. Wewe hukukufa kwa makosa. Kila mtu hapo alikuwa anaona unakufa na alikuwa anakuletea karatasi.

Watu wakala. Meneja akaja mahali nimeketi na ndugu yangu Okoth. Akanishika bega.

"Mzee, pole sana. Tumepoteza sisi pia."

Nikasema asante.

"Huyu msichana anagawa maji ni wako?"

"Ni wangu."

"Nasikia mamake alimfundisha. Zile za kibodi." Akaangalia saa yake. "Mzee, mimi ni mtu wa kusaidia familia. Kile kiti kiko wazi. Aje Jumatatu."

Mama Awuor, udongo wako ulikuwa bado umelowa. Kuna mtu alikuwa bado anaupiga na koleo.

Okoth ndiye alijibu. Alisema, "Bwana Meneja, huyu mtoto bado ana nywele."

Meneja hakuelewa. Si mtu wa huku. Okoth akamwambia hapa mtu akizika mamake haondoki boma hivyo. Anakaa mpaka siku zitimie, ananyolewa, ndipo anaenda. Hata baba yake ni hivyo.

"Lakini ni kazi," meneja akasema. "Kazi siku hizi ni shida, Mzee. Nikichelewa watu watajaa pale. Na mwisho wa mwezi ndio huu, hiyo kazi haiwezi kungoja."

Nikamwambia itangoja.

Akaenda. Na sasa vita ikabaki ndani ya nyumba.

Risper alisema nimerukwa na akili. Msichana amemaliza shule, amekaa bure, kazi imekuja na miguu yake mpaka kwa matanga, na mimi naifukuza. "Shemeji, utamlisha hasira?" Hivyo ndivyo aliniambia, unajua mdomo wa dadako. Mamangu akasema kiti cha mtu aliyekufa kina njaa. Okoth akasema njaa ni ya tumbo, si ya kiti. Kila mtu alikuwa na neno. Mimi nilikuwa na moja tu. Hapana. Nimetoa mke kwa hicho kiti, mtoto sitoi.

Awuor alichukua ile kibodi mzee, tulikuwa tumekuja nayo na vitu vyako, akaketi nyuma ya nyumba, mahali kuku wanakaa. Nikasikia. Tak, tak-tak, tak. Nilikuwa nachonga mpini wa jembe nikaacha. Ni mkono wako. Ni ule ule mwendo, na pale unasimama kidogo kabla ya kushika Control. Nilizunguka nyumba na jina lako liko kwa mdomo. Nikakuta ni yeye.

Nikamwambia, "Acha hiyo kitu."

"Baba, unataka nikae hapa nichunge kuku?"

"Kuku haiui mtu."

"Na kibodi haikuua mama."

"Aliuawa na nini?"

Alikuwa ameweka kidole kwa ile shimo ya herufi haiko. Halafu akasema, "Kumaliza. Mama aliuawa na kumaliza. Wewe ulimwambia, mimi nilikuwa jikoni, nilisikia. Lori."

Nilirudi kwa mpini.

Simu ikaanza. Meneja alipiga Jumatatu. Awuor akamwambia bado. Akapiga tena, akasema anamwekea tu kwa sababu ya heshima ya marehemu, asimwangushe. Awuor akamwambia bado hatujanyoa. Akapiga kwangu. Nikamwambia wembe bado. Akasema, "Mzee, mnanimaliza." Nikakata.

Tulinyolewa jana. Mamangu ndiye alishika wembe. Kichwa cha Awuor kikabaki ndogo kama ya mtoto mchanga, masikio yametoka. Aliniangalia akasema, "Baba, kichwa chako kinakaa kama yai." Risper akacheka akiwa hataki. Hata mimi kidogo.

Halafu Awuor akapiga simu mwenyewe. Aliiweka kwa sauti, ili nisikie. Nilidhani meneja atasema amepata mwingine.

Hakuwa amepata. Hakuwa hata ametafuta. Alisema kiti kiko. Alisema za Luanda Kotieno na za Mbita zimewekwa kando zitafanywa baadaye. Alisema mishahara wamechelewesha kidogo na watu wameelewa. Alisema mwisho wa mwezi wamesogeza.

Wamesogeza, Mama Awuor.

Nilisimama hapo na kichwa kitupu. Umezikwa, matanga yamekaliwa, wembe umesubiriwa, na kumbe hiyo kazi ilikuwa inaweza kungoja. Samaki hawajakufa kwa vizimba. Ofisi haijaanguka. Ile haikuweza kungoja asubuhi moja uende kliniki, imengoja nywele za mtoto. Imeketi kimya kama mbwa. Ilikuwa inaweza kungoja siku zote, ni vile hakuna mtu aliiambia ingoje.

Hii ndiyo nimebaki nayo. Hii nitakufa nayo. Pastor akisema nisamehe, nitasamehe baadaye, na mimi nitasogeza.

Awuor akakata simu akaingia kwa nyumba yako. Akatoka na mfuko wa karatasi. Alikuwa amemtuma Okoth pale mjini Bondo, kwa duka ya wale wanatengeneza simu. Akatoa kitu cheusi, kina waya, akakiweka kwa kiganja changu. Kilikuwa kidogo. Mimi nilikuwa nafikiri ni kitu kubwa, kwa vile kilinisumbua.

"Ni nini?"

"Mausi, Baba."

Nikaigeuza. Iko na taa nyekundu chini, lakini mpaka uichomeke.

"Nitaenda," akasema. "Usikasirike. Nitaenda, lakini naenda na hii. Nitasukuma polepole, nitafinya moja moja, kama watu wengine wa ofisi. Control hawataniona nikigusa. Meneja akiuliza zile za mama, nitamwambia mama hakunifundisha vizuri."

"Na ukimaliza mapema?"

"Sitamaliza mapema. Nitamaliza saa kumi na moja, kama watu. Na nikiumwa, nitaenda kliniki, karatasi zitanikuta."

"Na akikuletea za Mbita?"

Akasema, "Omera, polepole. Lori haina miguu." Na sauti ya Odhiambo kabisa, mpaka ile ya puani.

Nilicheka. Nakuambia ukweli, nilicheka hapo kando yako, na nikaona aibu, halafu nikaacha kuona aibu.

Nimemruhusu. Sijafurahi. Kama kungekuwa na kazi ingine ningemficha. Hakuna. Lakini nimempa moja tu ya zako ya kufanya haraka, na nimemwapisha hapa kwa udongo wako. Control na S. Aifinye, asimame, aje nyumbani. Aje jua likiwa juu. Nitamwekea karai ya maji nje, na miguu yake itakuwa haijavimba, itakuwa ya kuangalia jua tu.

Kibodi mzee imebaki hapa kwa nyumba yako, kwa ile meza Okoth alileta. Mamangu alitaka kuichoma na godoro. Nikakataa. Haidai mtu kazi. Imekaa tu na waya yake chini, haijachomekwa, na hakuna mtu ataiambia ifanye haraka.

Majani ya upande wangu nimekata. Sikuambii ngoja, kwa sababu umengoja watu ya kutosha. Lala hapo kwa nyumba yako, usiamkie mtu. Meneja akikuota, usimjibu.

Tunashuka Kisumu na gari ya jioni, mimi na huyu mtoto, vichwa viwili kama mayai. Yeye atakaa kwa kiti chake na mausi yake. Odhiambo amenitumia neno kwamba lori iko. Nitaipakua, na nitaipakua polepole.

Kesho narudi kazini.

Ni mimi bwanako,
Baba Awuor